Kompyuta Itafute, Mwenye Amana Aamue

 

Wiki hii tunaingia katika jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaona si la kurasa za familia. Tunawaomba subira. Katika nyumba nyingi za Waislamu yupo mtu aliyekabidhiwa daftari. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Baba ni katibu wa mfuko wa maziko wa mtaa. Kijana amepewa kazi ya kuandika ada za madrasa kwa kuwa amesoma kompyuta. Daftari ambalo zamani lilikuwa la karatasi yenye mistari, leo aghalabu limo ndani ya lahajedwali, katika programu kama Excel. Na kila jina lililomo humo ni haki ya mtu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu uandishi wa madeni. Inatuelekeza kuandika, inamtaka mwandishi awe mwadilifu, na inatuhimiza tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Anayeandika kwa kompyuta hakuvuliwa wajibu huo. Umehama tu kutoka kwenye kalamu hadi kwenye vitufe.

Tutaeleza hapa namna ya kuandika makro nyepesi, za mtu anayeanza, zinazotafuta seli katika lahajedwali na kuichagua seli iliyopatikana. Tutaeleza pia kwa nini tunashauri makro hizo ziishie hapo, zisivuke mpaka.

DAFTARI LETU LA MFANO

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa mmoja una mfuko wa maziko wenye wanachama 180. Kila mwezi kila kaya hutoa mchango, na msiba ukitokea mfuko hununua sanda, hulipa gari na wachimba kaburi. Daftari limepangwa hivi: safu A ina namba ya uanachama, safu B ina jina kamili, safu C ina mtaa anaokaa, na safu D ina mchango wa mwezi huu. Mstari wa kwanza ni vichwa vya habari, hivyo wanachama wanaanzia mstari wa 2 hadi wa 181. Kila kijumba ambamo safu na mstari hukutana huitwa seli, na huwa na anwani yake: B2 ni jina la mwanachama wa kwanza, D2 ni mchango wake.

Wanachama 180 si wengi kwa macho ya kijana, lakini kwa mweka hazina anayepokea fedha baada ya swala ya Isha, watu sita wakiwa wamesimama mbele yake, kulitafuta jina moja ni kazi. Lahajedwali la Excel lina nafasi ya mistari 1,048,576. Macho ya binadamu hayakuumbwa kuipitia. Hapo ndipo makro inapoingia.

Makro ni maagizo yaliyoandikwa mara moja na kuhifadhiwa, ili kompyuta iyatekeleze kila tunapoyaita. Katika Excel maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya Visual Basic, ambayo imekuwa ndani ya programu hiyo tangu 1993. Kuandika, fungua daftari katika kompyuta, bonyeza vitufe vya Alt na F11 kwa pamoja, kisha katika menyu ya Insert chagua Module. Ukurasa mweupe utafunguka. Andika hivi:

Sub TafutaMwanachama()
    Dim jina As String
    Dim seli As Range
    jina = InputBox("Andika jina kamili")
    If jina = "" Then Exit Sub
    Set seli = Columns(2).Find(jina, , xlValues, xlWhole)
    If seli Is Nothing Then
        MsgBox "Jina hilo halikuonekana"
    Else
        seli.Select
    End If
End Sub

Tuyapitie maagizo haya kwa utaratibu. Mstari wa kwanza unaipa makro jina lake, na wa mwisho unaifunga. Mistari miwili inayoanza na Dim inaandaa vyombo: kimoja cha kuwekea maneno, kingine cha kuwekea seli. InputBox hufungua kisanduku kidogo ambamo mweka hazina ataandika jina. Akikifunga bila kuandika kitu, makro inasimama pale pale. Kisha unakuja mstari ulio moyo wa kazi yote: neno Find linaiambia kompyuta itafute katika safu ya 2, yaani safu B. Ikipata, Select huichagua seli hiyo, na mshale wa daftari unakwenda kutua juu yake. Isipopata, ujumbe unatokea.

Ukimaliza, rudi kwenye daftari, bonyeza Alt na F8, chagua TafutaMwanachama na uiendeshe. Unapohifadhi, chagua aina ya faili yenye kiishio cha .xlsm, ukihifadhi kwa aina ya kawaida ya.xlsx, maagizo yako hayatabaki. Jua pia kwamba makro hizi hufanya kazi katika kompyuta. Excel ya kwenye simu haiziendeshi.

ALI YUMO NDANI YA HALIMA

Neno dogo xlWhole, lililo mwishoni mwa ule mstari wa utafutaji, ndilo linalolinda haki za watu. Linaiambia kompyuta ikubali seli ile tu ambayo maandishi yake yote ni sawa na tulichoandika. Mkabala wake ni xlPart, ambalo hukubali hata kipande cha neno. Mtu anayeanza huona xlPart ni jepesi zaidi, maana halimlazimishi kuandika jina kamili. Lakini tazama yatakayotokea. Akiandika Ali, kompyuta itasimama kwenye seli ya kwanza yenye herufi hizo tatu zikifuatana. Herufi hizo zimo ndani ya Salim. Zimo ndani ya Khalid, ndani ya Khalifa, na ndani ya Halima. Akiandika Juma, anaweza kupelekwa kwa Mwanajuma au kwa Jumanne.

Kompyuta haikukosea hapo. Iliulizwa zilipo herufi, ikazionyesha. Sisi ndio tuliokuwa tukimtafuta mtu. Mweka hazina mwenye haraka akiingiza mchango wa Ali katika mstari wa Halima, basi Halima amepewa asichotoa na Ali amenyimwa alichotoa. Mwezi utakapofungwa, jumla ya fedha itakuwa sahihi kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeshtuka. Kosa litalala humo hadi siku ya msiba, siku ambayo haifai kabisa kwa mtu kuanza kudai kwamba alilipa.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Kompyuta hukumbuka namna ya kulinganisha iliyotumika mara ya mwisho. Tusipotaja xlWhole ndani ya makro, itatumia ile iliyoachwa na mtu aliyetafuta kabla yetu, pengine kijana aliyekuwa akitafuta kipande cha neno jana yake. Makro ile ile, kwa jina lile lile, itatoa majibu mawili tofauti katika siku mbili. Kwa hiyo tusiache lisemwe na mwingine lile tunalopaswa kulisema wenyewe.

Vilevile mistari iliyofichwa, kwa mfano baada ya kuchuja daftari ili uonekane mtaa mmoja tu, utafutaji wa xlValues huiruka. Kabla ya kuendesha makro, ondoa uchujaji, daftari lote lionekane.

"HALIKUONEKANA" SI "HAYUMO"

Tumeandika ujumbe wetu kwa makusudi: jina hilo halikuonekana. Hatukuandika kwamba mtu huyo si mwanachama. Tofauti ya maneno haya ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Neno Nothing katika makro yetu ni jibu la kompyuta inapokosa kupata. Kama tusingeweka mstari wa kulipokea jibu hilo, makro ingekatika kwa ujumbe wa kosa namba 91, na mtumiaji angebaki ameduwaa. Hilo ndilo kosa linalowapata wengi wanaoanza: wanaagiza seli ichaguliwe kabla ya kuuliza kama imepatikana. Lakini hata tukishalipokea jibu, bado tunapaswa kulielewa. Nothing maana yake ni kwamba maandishi haya, kwa tahajia hii, hayamo katika safu hii. Haina maana zaidi ya hiyo.

Na majina yetu, alhamdulillah, yana tahajia nyingi. Jina tukufu la Mtume wetu huandikwa Muhammad, Mohamed, Mohammed na Muhamed, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na vyeti vyenye tahajia mbili. Fatuma ni Fatma na ni Fatima. Saidi ni Said. Na nafasi tupu iliyoachwa na kidole baada ya herufi ya mwisho, isiyoonekana kwa jicho, kwa kompyuta ni herufi kamili, nayo huzuia majina mawili yasilingane.

Wapo wanaotibu tatizo hili kwa alama ya nyota, ambayo katika utafutaji wa Excel husimama badala ya herufi zozote. Mtu huandika M*ham*d* akitumaini kuwapata akina Muhammad wote kwa tahajia zote. Atawapata. Lakini atampata pia Bi Mwanahamisi Saidi, kwa sababu jina lake linaanza na M, lina ham katikati, na mbele yake kuna d. Nyota ni msaada mzuri wa kukumbusha, si ushahidi wa kuhukumu.

Zaidi ya tahajia kuna desturi. Mama anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Zuhura huenda ameandikwa daftarini kwa jina la baba yake. Mjane huenda bado anachangia chini ya jina la marehemu mumewe, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Tumfikirie mjane wa namna hiyo aliyechangia miaka kumi bila kukosa mwezi. Siku anapofiwa na mwanawe, kijana anaandika jina lake, na kompyuta inajibu kwamba halikuonekana. Kijana akitafsiri jibu hilo kuwa hayumo, atakuwa amemdhulumu mama wa watu katika saa yake nzito kuliko zote, huku akiamini ametenda kwa uadilifu kwa kuwa mashine imesema.

Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatufunza kubainisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga na kisha tukajuta. Tunaona mafunzo hayo yanafaa hapa pia. Jibu la kompyuta ni habari, na habari hubainishwa.

MAJINA PACHA NA DAWA YA NAMBA

Tatizo la pili ni kinyume cha la kwanza: jina kupatikana mara nyingi. Find husimama kwenye seli ya kwanza inayolingana, na haisemi kama kuna nyingine chini yake. Katika mtaa wa watu 180, si ajabu kuwa na Hassan Juma wawili. Makro yetu itamchagua wa juu kila mara, na wa chini atakuwa kama hakuzaliwa. Tunaweza kuifanya itutahadharishe kwa kuongeza mistari hii, juu ya mstari wenye neno Find:

    If WorksheetFunction.CountIf(Columns(2), jina) > 1 Then
        MsgBox "Wapo zaidi ya mmoja. Tafuta kwa namba."
        Exit Sub
    End If

Hapa kompyuta inahesabu kwanza. Ikiona jina limejitokeza zaidi ya mara moja, haimchagui yeyote. Inasimama na kutuomba namba. Kisha tunaandika makro ya pili yenye umbo lile lile, tukibadilisha jina lake liwe TafutaNamba, maneno ya kisanduku yaombe namba, na Columns(2) iwe Columns(1), ili itafute katika safu A. Hapo xlWhole linatusaidia tena: tukiandika 4, hatutapelekwa kwa mwanachama wa 14 wala wa 140.

Ndiyo maana tunausia kila kaya ipewe namba, iandikwe katika kadi, na ikae na mwenye kaya hata jina likibadilika, hata mume akitangulia mbele ya haki. Hata hivyo namba haifuti jina. Mweka hazina akishaipata seli kwa namba, asome jina lililo pembeni na kumuuliza aliye mbele yake: "Ni wewe Bwana Hassan wa karibu na kisima?" Swali hilo huchukua muda mfupi sana, na huokoa ugomvi wa miaka.

SELI TUPU SI SIFURI

Makro yetu nyingine ni ya kufunga mwezi. Inachagua seli zote za safu D ambazo hazijaandikwa kitu:

Sub OnyeshaSeliTupu()
    Dim tupu As Range
    On Error Resume Next
    Set tupu = Range("D2:D181").SpecialCells(xlCellTypeBlanks)
    On Error GoTo 0
    If tupu Is Nothing Then
        MsgBox "Hakuna seli tupu"
    Else
        tupu.Select
    End If
End Sub

Neno SpecialCells huchagua seli kwa hali yake badala ya maandishi yake, na hapa tumeomba zile zilizo tupu. Ikiwa hakuna hata moja, kompyuta hulihesabu jambo hilo kuwa kosa na kukatisha kazi. Ndiyo sababu ya ile mistari miwili ya On Error. Wa kwanza unasema iendelee hata likitokea kosa, wa pili unairudisha katika ukali wake wa kawaida. Msiusahau wa pili, maana makro iliyoamrishwa kunyamazia makosa yote haitofautiani na shahidi aliyefumba macho.

Endesha makro hii na papo hapo seli zote tupu zitabadilika rangi kwa pamoja kuonyesha zimechaguliwa. Zinasema nini? Wengi watajibu haraka: hawa ndio hawajalipa. Sisi tunasema taratibu. Seli tupu inasema kwamba hakuna aliyeandika kitu. Huenda mtu hakulipa. Huenda alilipa kwa simu na ujumbe haujasomwa. Huenda alimkabidhi mtoto fedha, na mtoto akampa mjumbe, na mjumbe akasafiri. Utupu ni kutojua kwetu sisi, si deni lake yeye.

Kwa hiyo tunashauri daftari liwe na hali tatu zilizo wazi. Aliyelipa, iandikwe kiasi chake. Aliyeulizwa na akasema mwezi huu hana, iandikwe sifuri. Ambaye hatujamuuliza, seli yake ibaki tupu. Hapo makro itakuwa inatupa orodha ya watu wa kuwatembelea na kuwajulia hali, na pengine katika ziara hiyo tutagundua kwamba fulani hakuleta mchango kwa sababu nyumbani kwake hakuna chakula, na yeye ndiye anayestahiki kupelekewa.

MPAKA TUNAOUSHAURI

Mtaona kwamba makro zetu zote zinaishia kwenye neno Select. Zinaonyesha, hazigusi. Kijana hodari ataona hilo ni dogo. Atasema, "Mama, naweza kuiambia ijaze sifuri katika seli zote tupu, au iwafute wasiolipa miezi mitatu, au ipake rangi nyekundu mistari yao." Kweli anaweza, kwa nyongeza ndogo tu ya maagizo. Lakini azuiwe kwa upole, na aelezwe sababu.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Tunapokosea kwa mkono, kuna amri ya kutendua inayorudisha kilichokuwepo. Makro ikishabadilisha yaliyomo katika seli, amri hiyo hairudishi tena. Majina arubaini yaliyofutwa kwa agizo moja yamekwenda, isipokuwa pawe na nakala. Kwa hiyo nakala ya daftari iwepo kila mwezi, na ikae mahali pengine mbali na kompyuta hiyo.

Sababu ya pili ni ya kiadabu. Seli iliyochaguliwa hung'aa kwa muda, kisha tukibofya kwingine mng'ao hutoweka. Hakibaki chochote cha kumuumbua mtu. Mstari uliopakwa rangi nyekundu hubaki mwekundu. Kesho faili litatumwa katika kundi la simu la mtaa, na aibu ya mtu itasomwa na majirani, na wakwe, na wanawe mwenyewe. Uislamu umetufundisha kumsitiri ndugu yetu, na sitara ya siku hizi imo pia katika rangi tunazopaka na mafaili tunayotuma.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Wanachama hawakuikabidhi kompyuta fedha zao. Wamemkabidhi mtu, kwa jina lake na kwa uaminifu wake. Kompyuta haitaulizwa siku ya hesabu. Kwa hiyo iwe mtumishi anayenyoosha kidole na kusema, tazama hapa. Kuangalia, kuuliza, kukumbuka na kuandika, hayo ni ya mwenye amana.

ELIMU MBILI CHINI YA PAA MOJA

Hapa tunageukia wazazi na vijana. Mama anayeweka daftari kwa miaka mingi anajua jambo ambalo halimo katika kompyuta yoyote: kwamba Mama Zuhura na Fatuma Saidi ni mtu mmoja, kwamba Hassan Juma wawili ni binamu, kwamba yule bibi wa nyumba ya mwisho hulipa kupitia mjukuu wake. Kijana anajua kuandika Find na Select. Kila mmoja ana nusu ya elimu. Tunashauri waketi pamoja jioni moja, mama asome majina na kueleza nani ni nani, kijana aandike namba na kusahihisha tahajia. Kazi hiyo ya jioni moja ina faida kuliko makro kumi zilizoandikwa peke yake chumbani.

Na kijana asidhani kwamba anajifunza elimu ya kigeni. Neno la Kiingereza linalotumiwa duniani kote kwa maana ya mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, algorithm, limetokana na jina la mwanachuoni Mwislamu, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake mashuhuri cha al-jabr, kilichoupa ulimwengu jina la elimu ya aljebra, kina sehemu kubwa inayohusu hesabu za wasia na mirathi. Aliitumikia elimu ya hesabu ili kila mrithi apate fungu lake. Kijana anayepanga maagizo ili mchango wa mjane usipotee anapita katika njia hiyo hiyo.

Neno la tahadhari kabla ya kumaliza. Makro ni maagizo, na maagizo yanaweza kuwa ya shari. Mwezi Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kwa haraka kikiwa kimebebwa na makro ndani ya faili lililotumwa kwa barua pepe. Tangu 2022 programu za Microsoft huzuia makro zilizomo katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, mpaka mwenye kompyuta aruhusu mwenyewe. Msiruhusu makro ambayo hamkuiandika wala hamumjui aliyeiandika. Hizi tulizozieleza ni fupi. Ziandikeni kwa mikono yenu, mstari kwa mstari, ili mjue kila neno linafanya nini katika daftari la watu.

Anayetaka kuanza, asianzie kwenye daftari lenyewe. Afanye nakala, aweke majina ya kubuni ishirini, yakiwemo mawili yanayofanana na moja lenye nafasi tupu mwishoni, kisha aijaribu makro mpaka aone inavyopata na inavyokosa. Akishaijua mipaka yake, ndipo ailete mbele ya amana.

Tunamuomba Allah awape wenye kuweka madaftari ya Waislamu macho ya kuona, subira ya kuuliza na moyo wa kuogopa kudhulumu, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.